Pale palikuwa na kiwanda, si pori

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari yenu ya nyumba mpya hapa Tanga, yenye picha ya wakubwa wakikata utepe, nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi wenu kaandika kwamba nyumba zile zimejengwa mahali ambapo kwa miaka mingi palikuwa "pori tupu". Nimeisoma mara tatu nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Hapana, neno ni hilohilo: pori.

Mhariri, pale palikuwa na kiwanda cha kamba za katani, yaani nyuzi za mkonge. Niliingia mwaka 1974 nikiwa na miaka 20, nikatoka mwaka 1993, siku tuliyokusanywa uwanjani tukasomewa majina ya wanaopunguzwa. Zamu zilikuwa tatu, usiku na mchana. King'ora cha asubuhi kilisikika mtaani kote, na wapo akina mama wasiokuwa na mtu kiwandani waliokitegemea kuamshia watoto wa shule. Katani ilikuja kwa marobota kutoka mashambani. Inafunguliwa, inanyunyiziwa mafuta ilainike, inapitishwa kwenye mashine za kuchana, hii baada ya ile, mpaka inakuwa utepe mrefu ulionyooka kama nywele za singa. Hapo ndipo inaletwa kwetu, watu wa kusokota. Mashine zetu zilikuwa na neno Belfast ubavuni, limechongwa kwenye chuma chenyewe, na nililisoma kila siku kwa miaka 19 kabla sijajua ni mji gani. Zikiwaka zote humsikii aliye ubavuni kwako. Tulisemezana kwa vidole na macho. Vumbi lake hadi leo lipo kifuani, na sikio langu la kulia halisikii tena. Kamba zile zilikwenda kufunga nyasi kavu za wakulima wa Ulaya na Marekani, watu ambao Tanga hawaijui hata kwenye ramani.

Wala mkonge haukuanza na mimi nyumbani kwetu. Baba yangu aliletwa kutoka Kigoma na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikikusanya vibarua nchi nzima. Akapewa namba yake, akawa manamba. Alikata majani upande wa Muheza akiyafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, na mwiba wa mkonge ndio uliompofua jicho la kushoto. Nilipopata kazi kiwandani, chini ya paa, alilia kwa furaha kwamba mwanawe hatachomwa na miba.

Sasa sikiliza kilichonipata. Jumamosi baada ya habari yenu kutoka, nilimchukua mjukuu wangu wa darasa la tano, tukaenda kwa miguu nikamwonyeshe mahali ambapo babu yake alifanya kazi. Tumefika, tunakuta ukuta na geti. Mlinzi kijana mwenye adabu zake akaniamkia, akauliza, "Babu, unakwenda nyumba namba ngapi?" Nikamwambia siendi nyumba yoyote, nataka tu kumfikisha mtoto kwenye mwarobaini uliokuwa nyuma ya stoo, kama bado upo, dakika tano tunarudi. Kijana simlaumu. Alipiga simu, akatoka mama mmoja wa ofisini. Nikamweleza upya: hapa palikuwa na kiwanda, mimi nilikuwa msokotaji, geti letu lilikuwa pale, mahali pa kugonga kadi palikuwa hapa tuliposimama. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Babu, labda umechanganya mahali. Hapa hapakuwa na kiwanda, palikuwa pori. Hata gazeti limeandika." Akatoa simu yake akanionyesha habari yenu. Mjukuu wangu akaisoma, anajua kusoma vizuri, kisha akanitazama usoni.

Mhariri, mtazamo ule wa mtoto ndio uliokaa nami usiku ule mpaka adhuhuri ya kesho yake. Miaka 19 ya maisha yangu imefutwa mbele ya mjukuu wangu kwa neno moja, na neno lenyewe limetoka kwenu. Waulizeni vijana waliochimba misingi ya nyumba zile walikutana na nini chini. Watawaambia walipasua sakafu ya zege kwa nyundo kubwa, na ndani ya zege walikuta nondo zilizozishikilia zile mashine za Belfast. Pori gani lina sakafu ya zege? Nyasi mlizoziona ziliota baada ya paa kung'olewa, paa liling'olewa baada ya mashine kupakiwa kwenye malori kama chuma chakavu, na mashine zilipakiwa baada ya sisi kuondolewa. Wengine wetu waliondoka na makato ya miaka mingi ambayo hayakuonekana popote walipokwenda kuyadai, wakafa wakiwa bado wanafuatilia. Na huo mwarobaini niliouulizia haukuwa wa kivuli tu. Mwaka 1984, zamu ya usiku, umeme ulikatika, mwenzetu akaingiza mkono kutoa uzi uliojiviringa kwenye rola. Umeme ukarudi. Vidole vitatu. Tulivifunga kwenye kitambaa, na asubuhi yake, kabla hajapelekwa kwao kupumzika, alikuja na mkono umefungwa bendeji akavizika mwenyewe chini ya ule mti, sisi tukiwa tumesimama nyuma yake. Yeye keshatangulia mbele ya haki. Mwandishi wenu angeuliza mzee yeyote mmoja anayekunywa kahawa kule Ngamiani, mmoja tu, angeambiwa.

Na nikiwa nimeshakasirika, niseme na hili. Mwezi uliopita nilikwenda soko la Mgandini kutafuta kamba ya kumfungia mbuzi wa akika. Nimezunguka duka hadi duka. Ipo ya nailoni nyekundu, ipo ya bluu, ipo ya plastiki inayokata mkono. Ya katani muuzaji mmoja akaniambia hawaijui wateja wake. Tanga! Mkoa huu ndio uliopokea mkonge wa kwanza, mwaka 1893, Mjerumani Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Pangani hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 nchi ilifika tani 230,000 kwa mwaka mwaka 1964, hakuna aliyetushinda duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni kule Ulaya na Marekani, bei ikaanguka, mashamba yakaachwa yakafunikwa na vichaka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tunahesabu tani 20,000 na kitu. Plastiki ileile iliyotufungia kiwanda ndiyo leo naambiwa nimfungie mbuzi wangu. Niliondoka bila kununua, nikamsokotea mbuzi kamba mwenyewe kwa singa za katani nilizoomba kwa jamaa yangu wa Muheza. Mikono haijasahau.

Nyumba sizipingi. Watu wanahitaji pa kulala, na wanangu wenyewe wamepanga vyumba. Ninachotaka ni hiki. Kwanza, sahihisheni, ukurasa uleule na kwa herufi zilezile, si kale kamstari kadogo mnakokabana chini ya matangazo ya vifo. Pili, wenye nyumba zile wana vichochoro vinne, na vibao vyake vimeandikwa A, B, C na D. Wavibadilishe viitwe Kuchana, Kusokota, Stoo na Karakana, kwa mpangilio uleule wa kiwanda. Nitakwenda kuwaonyesha kila kitu kilikuwa wapi na sitadai hata nauli. Tatu, kwenye lile bustani la getini walilootesha maua yasiyo na jina, wapande mikonge 62. Si mingi. Mkonge hauhitaji kumwagiliwa kila siku, na hata mlinzi atapumzika na mpira wa maji. Wasiweke 60 wala 65.

Na kama mwarobaini bado upo, wasiukate.

Kadi yangu ya kazi ninayo, na picha yangu ya ujana iko juu yake, na muhuri haujafutika. Mwandishi wenu akitaka kuiona na aje Makorora aulize msokotaji, ataonyeshwa nyumba. Nipo siku zote isipokuwa Ijumaa mchana. Jumamosi ijayo narudi pale getini na mjukuu wangu, na safari hii nakwenda na ile kadi. Ningependa siku hiyo niwe na gazeti lako mkononi, lenye sahihisho.

Msokotaji mstaafu,
Makorora, Tanga.