Testi ya kazi isigeuke kazi ya bure

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wenye startapu ndogo, yaani kampuni changa za teknolojia, zile za watu watano sita, hasa mnaotafuta developa wa frontendi, yaani yule anayetengeneza kile mtu anachokiona na kukibonyeza kwenye tovuti.

Jamani tuache kuwapa waombaji kazi ya wiki nzima bila malipo eti ni testi. Yalishanikuta, niliomba kazi sehemu wakaniambia nitengeneze ukurasa wao wa kujisajili, wote, wa simu na wa kompyuta, nikakesha siku nne nikatuma, kimya. Baadaye naingia kwenye tovuti yao naukuta ukurasa wangu uleule, hadi neno moja nililokosea herufi lipo vilevile! Iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Halafu matangazo yenyewe sasa, mtu anataka React, Angular na Vue zote kwa pamoja, wakati ni zana tatu za kazi ileile ya kujengea kurasa, na bakendi ujue, yaani ule upande wa seva asiouona mteja, na dizaini uchore, mshahara wa mtu mmoja. Hizo React na wenzake zote zimekaa juu ya HTML inayopanga vilivyomo kwenye ukurasa, CSS inayovipa mwonekano na JavaScript inayovifanya viitikie ukivibonyeza, na JavaScript ipo tangu 1995 wakati React imetoka 2013. Aliyeshika hizo tatu za msingi sawasawa React ataizoea hukohuko kazini, ila aliyekariri React peke yake siku CSS ikimgomea ndo utajua.

Sisi mara ya mwisho tulichukua fomu yetu ya zamani, mbovu kweli, tukawa tunakaa na kila muombaji masaa mawili na tunamlipa hayo masaa hata kama hatumchukui, tunampa laptopu na simu ya bei ya chini yenye mtandao wa kusuasua. Wa kwanza ana sivii nzito, akafungua laptopu akaanza kuandika kodi za programu moja kwa moja, simu hata hakuigusa. Akaja dada mmoja hana digrii, yeye akaanza na simu, akagusa sehemu ya kuweka namba, ikapanda kibodi ya herufi badala ya tarakimu na ikafunika batani ya kutuma. Akasema "mteja wenu hapa keshaondoka." Kwenye laptopu akaweka mausi pembeni akawa anatembea na kitufe cha Tab kinachokurusha toka sehemu moja ya kubonyeza hadi nyingine, batani yetu ikarukwa, kumbe tuliiunda kwa div, kisanduku cha kawaida tu cha HTML, badala ya button ambayo kompyuta inaijua kuwa ni batani, maana yake asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini alikuwa hafiki hapo kwa Tab, na sisi miezi yote hiyo hatujui! Akairekebisha kwa mistari michache tu, tunaangalia. Tukamchukua, na mpaka sasa kabla hatujatoa kitu kipya lazima kipite kwenye ile simu mikononi mwake.

Masaa mawili hayo yalituonyesha zaidi ya sivii zote tulizosoma, na hakuna aliyeondoka akihisi kaibiwa. Na mliowakataa wajibuni basi, hata mistari miwili, mtu amekaa anasubiri simu yenu.

Ombi langu kwako mhariri, kwenye kurasa zenu za matangazo ya kazi mdai mwajiri aandike mshahara, na kama kuna testi aseme itachukua muda gani na inalipwa au hailipwi, ili mtu ajue kabla hajatuma maombi.

Mwajiri mdogo