Kuvua viatu ni jambo moja, kuitwa najisi ni jingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mahekalu ya Wahindu kule India ni ubaguzi mtupu, ati hata kumvua mtu shati mlangoni ni kumdhalilisha. Mi naona kachanganya vitu viwili ambavyo Wahindu wenyewe wameteseka miaka mingi kuvitenganisha.

Nilikaa Kerala wiki sita nikimuuguza mama, na mzee mmoja Mhindu jirani yetu pale tulipopanga alinichukua siku moja asubuhi tukaenda hekaluni kwao. Ndani sikuingia, kibao kinasema Wahindu tu, nikasimama nje. Lakini niliona. Yule mzee alikuwa kaoga toka alfajiri na hajatia kitu mdomoni, akavua ndala, akavua shati, mjukuu wake aliyekuja na suruali akaenda kubadili akavaa ile shuka nyeupe wanayoiita mundu, ikawa inamlegea, babu akamfunga fundo upya kiunoni taratibu kabisa, wakanawa miguu bombani, kisha mzee akainama akagusa kizingiti kwa ncha za vidole akazipeleka kwenye paji la uso. Jamani, hapo nani kadhalilishwa? Anayejua kutawadha ataelewa haraka tu. Ni masharti unayoyatimiza, ukishatimiza unapita.

Kitu kingine kabisa ni yale ya mji wa Vaikom, hukohuko Kerala. Mwaka 1924 watu wa matabaka ya chini, Waezhava na Wapulaya, walikuwa hawaruhusiwi hata kupita barabara zinazozunguka hekalu, sio kuingia ndani, barabara tu! Muislamu anapita, Mkristo anapita, wao ambao ni Wahindu na mungu wa mle ndani ndiye wanayemwomba hawapiti. Uoge mara mia, ufunge mwezi mzima, hutakati kwa sababu uchafu wenyewe ni kuzaliwa kwako. Machi 30 mwaka huo watu wakaanza kuziendea barabara hizo kwa makusudi, watatu watatu kila siku, wanakamatwa, kesho wanakuja wengine, na mafuriko makubwa yalipokuja wakasimama barabarani hivyohivyo maji yakiwafika kiunoni. Mwaka uliofuata zikafunguliwa barabara za pande tatu, wa mashariki ukabaki umefungwa. Ndipo Novemba 12, 1936 mfalme wa Travancore, dola ambayo Vaikom ilikuwa ndani yake, akatangaza mahekalu ya serikali yake kuwa wazi kwa Wahindu wa tabaka lolote, na baadaye katiba ya India ibara ya 17 ikapiga marufuku nchi nzima mambo ya kumhesabu mtu najisi asiyeguswa kwa sababu ya tabaka lake.

Msomaji mwenzangu atasema basi na wanawake je. Hapo ni pagumu na mi sitaki kupakwepa. Hekalu la Sabarimala linapokea watu wa dini zote, mahujaji wanafunga siku 41 na wakiwa njiani wengi wanapitia msikiti wa Erumeli kumkumbuka Vavar, Muislamu anayesimuliwa kuwa alikuwa rafiki wa Ayyappa, mungu wa hekalu hilo, lakini mwanamke wa miaka 10 hadi 50 alikuwa haruhusiwi kabisa. Wanaotetea wanasema Ayyappa ni mseja, sio suala la hedhi tu. Mahakama ya Juu Septemba 2018 ikasema waingie, majaji wanne kwa mmoja, na huyo mmoja aliyepinga ndiye alikuwa mwanamke pekee kati yao, yeye akaona mahakama isiwapimie waumini imani yao. Nimemsikiliza, nina heshima naye, ila nasimama na wale wanne. Hedhi ni siku chache halafu inakwisha, miaka arobaini ya mtu huwezi kuihesabu kuwa uchafu. Januari 2019 wanawake wawili walipoingia kabla hakujakucha, kuhani alifunga hekalu akalitakasa kwanza, na hilo liliniuma kwa sababu ni yaleyale ya Vaikom yamerudi kwa mlango mwingine.

Mimi kubaki nje hakukuniuma. Nyumba ina mwenyewe. Mzee alipotoka alikuwa na kipande cha jani la mgomba, ndani kuna maua na msandali uliosagwa, na hakunidondoshea kwa mbali, aliuweka kwenye kiganja changu akanifunga vidole kwa mkono wake, akasema huu mpelekee mama.

Msomaji wako