Barua kwa mwanangu: kanuni za tahajia ya Kiingereza

Mwanza

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza kama uwafundishe watoto wa darasa la tano kanuni za tahajia ya Kiingereza au wakariri tu. Wafundishe, ila chache, zile mtoto anazoweza kuzihakiki kwa jicho. Nyingi zinamtegemea mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiingereza, anayesikia «hop» na «hope» kuwa mbalimbali. Wako wamezoea irabu tano za Kiswahili. Ukisema «irabu ikiwa fupi, rudia konsonanti kabla ya -ing», unawaagiza wasikilize kitu wasichokisikia.

Wahesabishe herufi. Anza na maneno ya ziwani. «Swim» ni silabi moja, inaishia irabu moja na konsonanti moja: m inarudiwa, «swimming». «Sail» ina irabu mbili, kwa hiyo «sailing». «Fish» inaishia konsonanti mbili, «fishing». Wakifika kwenye «row», kupiga kasia, wataandika w mbili, na kwa hesabu yao wana haki. Wawahi: w, x na y za mwisho hazirudiwi. Maneno ya silabi mbili kama «begin» yasubiri, maana hapo mkazo ndio unaoamua.

Ya y ni nyepesi: watazame herufi iliyotangulia. «Carry» huwa «carries», «play» hubaki «plays».

Ile ya i kutangulia e isipokuwa baada ya c, iache. Inafaa kwa «believe» na «receive», kisha «seize», «weird» na «science» zinaivunja. Huko Uingereza, mwongozo wa serikali wa 2009 uliwaambia walimu haifai kufundishwa, maana maneno yanayoifuata ni machache mno.

Na «island»? Huwezi kuandika habari za Ukerewe bila neno hilo, na s yake haijawahi kutamkwa. Waandishi waliichomeka wakilifananisha na «isle», lenye asili ya Kilatini. Hapo hakuna kanuni. Mtoto alitazame neno, alifunike, aliandike, afunue alinganishe. Matano kwa siku yanatosha. Kinachoharibu ni kunakili herufi moja moja kutoka ubaoni: mkono unafanya kazi, kichwa kimelala. Kwa hiyo neno lifunikwe kabla kalamu haijagusa daftari. Akikosea, usimwandikishe mara kumi. Apigie mstari herufi iliyomshinda, na kesho neno hilo lirudi kwenye imla.

Niandikie wakishafika kwenye «carrying». Wengi watataka kuiondoa y.

Mama yako