Harambee ya Mashine ya Diathemi ya Hospitali Yetu ya Parokia

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu waumini, majirani wa dini zote, na nyinyi watoto wetu mlio mbali: kamati ya hospitali inawaalika kwenye harambee Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya misa ya pili. Tunachangia mashine moja ya diathemi, ile ambayo daktari huitumia kukata nyama ya mwili na kuzuia damu kwa umeme.

Tuliyokuwa nayo imeondolewa kazini. Tangu hapo, daktari akitoa rovu au uvimbe wa kizazi, anakata kidogo, damu inachuruzika, anabana mshipa kwa koleo, muuguzi anampa uzi, anafunga, uzi unakatwa, kisha mshipa unaofuata. Na mishipa midogo ni mingi mno. Mgonjwa anakaa usingizini muda mrefu, na damu anayopoteza inabidi itafutwe kwa ndugu zake walioketi kwenye benchi nje.

Ufundi huu si mgeni. Mwaka 1926 huko Boston, Marekani, daktari Harvey Cushing alitumia kifaa cha William Bovie kutoa uvimbe wa fuvu ambao siku chache kabla alilazimika kuuacha kwa sababu ya damu.

Umeme wa nyumbani hutetema mara 50 kwa sekunde, ndiyo maana hukaza misuli na kuua. Diathemi huupandisha hadi mamia ya maelfu ya mitetemo kwa sekunde. Hapo misuli haishtuki, linabaki joto kwenye ncha ya kalamu ya daktari, yaani kijiti cha mashine anachokatia. Umeme ukitoka mfululizo, maji ya seli huchemka papo hapo na nyama huachana. Ukitoka kwa vipindi, nyama hukauka na mshipa huziba.

Lakini umeme ulioingia lazima utoke, na njia yake ni bamba pana linalobandikwa pajani. Upana huo ndio unaotawanya joto. Bamba likibanduka nusu, umeme wote hujibana kwenye sehemu iliyobaki na kuunguza ngozi ya mtu asiyeweza hata kusema anaumia. Mashine ya zamani haikuweza kugundua hilo. Kwa hiyo tumekataa ya bei ya chini kabisa, na tunawaomba mtuunge mkono. Tunayoitaka ina bamba la vipande viwili, nayo hupima muda wote kama vyote vimeshika ngozi. Kimoja kikiachia, inapiga kengele na kukata umeme.

Wapo waliopendekeza tuombe iliyotumika ng'ambo. Tunawashukuru, ila mashine isiyopatikana kalamu wala bamba zake hapa nchini itaishia stoo. Mchango wenu utanunua pia stabilaiza, maana stima yetu mnaijua, kalamu zinazotakaswa kwa mvuke na kutumika tena, na mafunzo ya fundi wetu wa vifaa.

Bei za wauzaji zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya kanisa pamoja na namba ya kuchangia. Kadi za mchango ziko kwa viongozi wa jumuiya. Tafadhali zirudishwe kabla ya siku yenyewe. Asiye na fedha alete kuku, mahindi au ndizi za mnada. Daktari wetu atakuwepo kujibu maswali, na mweka hazina atasoma hesabu yote kabla hatujatawanyika.