Kebo ya Rili Huanza Kufa kwenye Ngao

Kebo nyingi zinazofika kwenye karakana yetu hazijakatika. Mwenye nazo ameshazipima, mita imelia toka plagi moja hadi nyingine, na kwa nje hazina hata mchubuko. Hata hivyo maikrofoni inakoroma kila kebo inapovutwa kutoka kwenye rili (kile kifaa chenye kamani kinachoikunja kebo ndani na kuiachia ikivutwa), au kompyuta inakitambua kifaa, inakipoteza, kisha inakitambua tena. Mteja huanza kukishuku kifaa chenyewe. Wapo waliobadilisha kifaa mara mbili kabla ya kuifikiria rili.

Tukiichana kebo ya namna hiyo, nyaya za ndani zinazobeba mawasiliano mara nyingi tunazikuta salama. Kilichoharibika ni ngao, yaani lile tabaka la chuma linalozizunguka nyaya hizo na kuzikinga na usumbufu wa umeme wa nje. Imesagika, zimebaki chenga za shaba. Na kwa kuwa nyuzi mbili tatu zikibaki zimeshikana mita bado italia, hakuna aliyegundua. Baya zaidi, zile ncha zilizokatika ni kali kama sindano. Hutoboa mpira wa nyaya za ndani taratibu, na siku moja ngao inagusana na waya wa data au wa umeme. Hapo ndipo tatizo la kelele linapogeuka kuwa shoti.

Kwa hiyo mteja anapotuambia, "Nipe kebo kama ile ya ukutani, lakini iingie kwenye rili," tunamwomba tuzungumze kwanza. Kebo mbili zinaweza kuwa na vipimo sawasawa vya umeme kwenye karatasi, moja ikadumu kwenye rili kwa miaka na nyingine ikafa mapema mno. Tofauti iko kwenye namna vitu vya ndani vinavyoruhusiwa kusogea.

Milimita 31 za kulipwa

Chukua kebo yenye unene wa milimita 5, uizungushe mara moja kwenye kitovu, yaani sehemu ya katikati ya rili inayozungushiwa kebo, chenye kipenyo cha milimita 40. Upande unaogusa kitovu utasafiri takriban milimita 126. Upande wa nje utasafiri takriban 157. Kuna tofauti ya milimita 31 katika mzunguko mmoja tu, na tofauti hiyo lazima ilipwe: ama upande wa nje unyooshwe, ama wa ndani ubanwe, ama vilivyomo ndani viteleze.

Ukibadilisha kitovu kiwe cha milimita 80, tofauti inabaki milimita 31 zilezile, ila sasa imetawanywa kwenye urefu unaokaribia mara mbili. Ndiyo maana swali letu la kwanza huwa ni ukubwa wa kitovu, hata kabla ya kuuliza kebo itabeba nini. Kanuni inayotumiwa sana na mafundi ni kwamba kebo inayotembea isipindwe kwenye duara lenye nusu kipenyo kidogo kuliko mara 10 ya unene wake. Rili ndogo za kuvalia mkandani au kuingia kiganjani huivunja kanuni hiyo kila siku, na hatuwakatalii wanaozihitaji. Tunachowaambia ni kwamba kwa rili hizo kebo haichaguliwi kutoka kwenye orodha. Inabuniwa upya kuanzia katikati.

Kitovu si mahali pekee pa kuogopa. Pale mdomoni, kebo inapopita kwenye roli ikitoka nje, mara nyingi hupindwa upande ulio kinyume na ule iliokunjwa nao ndani. Chuma huchoka upesi zaidi kikipindwa huku na huku kuliko kikipindwa upande mmoja na kunyooshwa. Tumeona rili zenye kitovu kizuri kabisa zikiua kebo kwa sababu ya roli mbili ndogo za mdomoni ambazo hakuna aliyezifikiria.

Shaba nyembamba, na msokoto wake

Waya mnene ukiukunja na kuukunjua mara chache unakatika mkononi. Uzi mwembamba wa shaba ileile unavumilia, kwa sababu unapopindwa kwenye duara lilelile ngozi yake inanyooshwa kidogo kuliko ya waya mnene. Kwenye kitovu chetu cha milimita 40, uzi wa milimita 0.25 unanyooshwa ngozi yake kiasi cha asilimia 0.56, uzi wa milimita 0.08 ni kama asilimia 0.18. Mkazo ukipungua hadi theluthi, mizunguko ambayo shaba inaweza kustahimili huongezeka mara nyingi zaidi ya tatu.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 hugawa nyaya kwa madaraja, na daraja la 6 ndilo laini kuliko yote. Kwa nyaya za milimita mraba 0.5 daraja hilo linaruhusu nyuzi za hadi milimita 0.16. Muuzaji akikuambia kebo yake ni ya daraja la 6, hajakudanganya, lakini kwa rili ndogo hapo ndipo tunapoanzia. Sisi hushuka hadi 0.08, na pakiwa pagumu hadi 0.05.

Wembamba peke yake hautoshi. Nyuzi zikilazwa sambamba, zilizo nje zitavutwa daima na zilizo ndani zitabanwa daima. Zikisokotwa kwa msokoto mfupi, kila uzi unapita nje kisha ndani kisha nje tena katika sentimita chache, na ile tofauti ya urefu inajilipa yenyewe. Msokoto mfupi unakula shaba nyingi zaidi na mashine inakwenda polepole, kwa hiyo ndio wa kwanza kupunguzwa na mtengenezaji anayetafuta bei ya chini. Kwa macho huwezi kuujua mpaka uchane kebo.

Kwa kazi za sauti na mkondo mdogo kuna njia ya zamani ambayo bado tunaiheshimu: utepe mwembamba wa shaba uliozungushiwa uzi wa nguo, kama ilivyokuwa kwenye kebo za mikono ya simu za mezani. Hustahimili kukunjwa ajabu. Upinzani wake wa umeme ni mkubwa, na haupendi lehemu kwa sababu joto huunguza uzi wa ndani, hivyo hubanwa kwa kishikizo cha chuma.

Ngao ya aina gani?

Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi zaidi na wateja, na ndipo makosa mengi hufanyika.

Jaribosi, yaani utepe wa plastiki uliopakwa alumini, hufunika asilimia 100 na ni rahisi. Kwenye kebo ya kulala ukutani ni chaguo zuri. Kwenye rili hupasuka pale inapokunjwa, na ule waya mtupu unaotembea kando yake kuiunganisha na ardhi hugeuka kisu. Tukiona jaribosi tupu kwenye kebo iliyokusudiwa rili, tunaikataa bila kuipima.

Ngao ya kusuka ndiyo imara zaidi kwa nguvu za kuvutwa, na hufunika kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 95. Ubaya wake uko kwenye jambo lilelile linaloipa nguvu: nyuzi zake zinapishana juu na chini, na kila mahali zinapopishana zinasuguana kebo ikipinda. Ukisuka kwa kubana sana ili ufikie asilimia 95, unazifungia nyuzi zisisogee, nazo zinaanza kukatana. Asilimia 85 iliyosukwa kwa nyuzi nyembamba na yenye nafasi ya kupumua huishi muda mrefu zaidi, na baada ya mwaka wa kazi inakinga vizuri kuliko ile ya 95 iliyokwisha kusagika.

Ya tatu ni ngao ya kuzungushia, ambapo nyuzi zote zinalazwa kuelekea upande mmoja bila kupishana. Hii ndiyo laini kuliko zote na nyuzi zake huteleza bila kuumizana. Kwa maikrofoni na vipimaji vya kasi ndogo tunaipenda sana. Lakini ina udhaifu wa aina mbili. Kebo ikisokoteka kuelekea upande unaofungua mzunguko wake, mianya inatokea. Na kwa mawimbi ya kasi kubwa, nyuzi zilizozungushwa upande mmoja hufanya kazi kama koili, kwa hiyo ngao inazidi kuwa dhaifu kadiri kasi inavyopanda. Mteja anayetaka kupitisha USB au picha za kamera hatumpi ngao ya kuzungushia peke yake. Tunamsukia, na chini na juu ya msuko tunaweka utepe wa plastiki inayoteleza ili ngao isishikane na mpira wa nyaya wala ganda la nje. Utepe huo hauonekani kwenye karatasi nyingi za vipimo. Sisi tunaamini ndio unaoamua maisha ya kebo kuliko kitu kingine chochote kilichomo ndani.

Kwa data kuna jambo jingine. Jozi ya nyaya za USB inatakiwa ibaki na ukinzani wa omu 90 kwa mawimbi ya data, na za mtandao wa Ethernet omu 100. Thamani hizo zinatokana na umbali kati ya waya na waya, na kati ya waya na ngao. Kebo ikibanwa kwenye rili hadi ikawa bapa, umbali unabadilika na data inaanza kurudi nyuma kama mwangwi, ingawa hakuna kilichokatika.

Vifaa vya hospitali vinastahili maneno yao. Mapigo ya moyo yanayosomwa kifuani ni umeme wa takriban milivolti 1. Kebo ikikunjwa, msuguano kati ya ngao na mpira wa ndani huzalisha chaji ambayo kwa ishara ndogo namna hiyo ni dhoruba. Mtu anaona mstari unaruka kwenye skrini na kudhani ni mgonjwa. Dawa yake ni tabaka jembamba lenye kaboni chini ya ngao, linaloiondoa chaji kabla haijakusanyika. Kwa kazi hizi hatupunguzi tabaka hilo hata mteja akiomba.

Nani anabeba mvuto?

Kamani ya rili inavuta kebo wakati wote, na mtumiaji anavuta upande wa pili. Shaba haikuumbwa kubeba mzigo huo, na ngao ndiyo kabisa. Tunaweka katikati uzi wa aramidi, nyuzi zilezile zinazofumiwa fulana za kuzuia risasi, kisha tunazifunga kwenye kitovu na kwenye plagi ili mvuto wote upite humo. Tumekuta kebo zenye aramidi nzuri iliyokatwa sentimita moja kabla ya plagi. Hiyo ni sawa na kutokuwa nayo.

Ganda la nje lina kazi ya kustahimili msuguano na kuteleza. PVC ni ya bei nafuu, lakini hukakamaa kwenye baridi, na kwenye joto mizunguko yake huelekea kunatana. Silikoni ni laini mno, ila hung'ang'ania na kuchanika kirahisi, kamani inashindwa kuirudisha. Poliurethani isiyong'aa ndiyo tunayotumia mara nyingi. Pia tunaliacha ganda kama bomba linalozunguka ngao badala ya kulimimina likajaza kila mwanya, kwa sababu ganda lililojaza mianya hufunga kila kitu mahali pake na ile milimita 31 hukosa pa kwenda.

Kuhusu rili zenye pete za mguso, yaani pete zinazopitisha umeme kati ya sehemu inayozunguka na iliyotulia: zinaruhusu mizunguko mingi, lakini ngao nayo inahitaji pete yake, na kila mguso ni mahali pa kuzaa kelele. Kwa urefu mfupi tunashauri rili ya vyumba viwili, ambapo kebo bapa inajikunja na kujikunjua ndani kama kamani ya saa. Hakuna mguso wowote kati ya plagi na plagi.

Tunavyopima, na tunachohitaji kutoka kwako

Hatupimi kebo ikiwa imelala. Tunaifunga kwenye rili ileile itakayotumika, mashine inaivuta na kuiachia, na upinzani wa ngao unaandikwa muda wote kebo ikitembea. Ngao inayokufa hujitangaza mapema kwa namba inayopanda kidogo kidogo, na kwa mitetemo mifupi inayotokea wakati wa kupinda tu. Tukisubiri mlio wa mita tutakuwa tumechelewa.

Ukituandikia kuhusu kebo mpya, tuambie kipenyo cha kitovu na cha roli za mdomoni, urefu unaovutwa kwa kawaida na mara ngapi kwa siku, nguvu ya kamani ukiijua, joto la mahali, dawa gani za kusafishia zitagusa kebo, na kifaa kilichopo kila mwisho. Kama rili bado haijatengenezwa, afadhali zaidi. Kuongeza milimita 10 kwenye kitovu kilichoko kwenye mchoro hakuna gharama yoyote. Hakikisha pia mizunguko miwili ya mwisho haifunguki kamwe, ili fundo la kitovuni lisivutwe.

Na kama unayo rili inayosumbua sasa, usiichane wala usiing'oe kebo. Ivute polepole huku kifaa kikiwa kimewashwa, na pale kelele au kukatika kunapoanza, zungushia kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kebo palipo mdomoni mwa rili. Tutumie ikiwa hivyo, kebo na rili yake pamoja. Tutaanza kuchana hapohapo kwenye alama yako.