Sindano ya kijani haitoshi kuipitisha slaidi ya ndege

Ndugu Mhariri,

Kabla abiria hawajaingia, mhudumu wa ndege hupita kila mlango, huchungulia kidirisha kidogo na kuangalia kama sindano ya geji imo kwenye kijani. Ikiwemo, slaidi ya dharura, yaani mtelezo wa kujazwa hewa ambao abiria hushukia wakiikimbia ndege, huhesabiwa kuwa nzima. Tunaomba nafasi tuseme kwamba geji hiyo inatoa ushahidi wa jambo moja tu: mtungi wa kuijazia slaidi una gesi.

Gesi yenyewe, naitrojeni iliyochanganywa na kabonidayoksaidi, hujaza sehemu ndogo ya slaidi. Ikitoka kwa kasi hupita kwenye vivuta-hewa na kuivuta hewa ya nje, ambayo ndiyo hasa huijaza. Kanuni zinataka slaidi iwe imesimama ndani ya sekunde 6 tangu ianze kufunguka. Kibawa cha kivuta-hewa kilichogandamana kwa kukaa kwenye mkunjo miaka kadhaa kikigoma kufunguka, slaidi hubaki tepetevu. Kikigoma kujifunga, hewa hurudi ilikotoka. Yote hayo sindano ikiwa kijani.

Karakanani, kipimo kinachofanywa ovyoovyo zaidi ni cha kuvuja. Slaidi hujazwa, huachwa itulie, kisha shinikizo na joto la chumba huandikwa, na baada ya saa zilizotajwa na mtengenezaji vyote viwili husomwa tena. Fundi mwenye haraka huandika shinikizo, joto akaliacha. Slaidi yenye shinikizo la psi 3 (psi ni kizio cha shinikizo), chumba kikipoa nyuzi 3 tu, hupungua karibu psi 0.2 bila tundu lolote. Hiyo ni hasara ya muda tu. Chumba kikipata joto, mvujo wa kweli hufichika, na slaidi mbovu hurudi mlangoni na karatasi safi.

Halafu kuna mlango. Ukitegwa, yaani ukiwekwa tayari ili kuufungua kuifyatue slaidi, ufito wa chuma wa slaidi hushikwa na vishikizo vya sakafuni, na furushi la slaidi iliyokunjwa likianguka, uzito wake huvuta waya unaofungua vali. Ufito usipokaa sawasawa, slaidi yote hudondoka chini. Pini ya usalama ikisahaulika kwenye vali, hata mpini mwekundu wa kuvuta kwa mkono hauna kazi. Ndiyo maana pini zihesabiwe, wala zisikadiriwe. Meza ya karakana haigundui lolote kati ya haya.

Rai yetu kwa mashirika ni hii: slaidi inayofikia muda wa kwenda karakana isishushwe kimyakimya. Mlango utegwe, ufunguliwe, sekunde zihesabiwe na kuandikwa kwenye kumbukumbu za ndege. Gesi yake ingemwagwa na kitambaa kukunjwa upya vyovyote vile. Na kila mara jaribio lifanyiwe mlango mwingine. Kwenye uwanja wa ndege wa Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024, watu wote 379 wa Airbus A350 iliyowaka moto walitokea milango 3 kati ya 8, na si wao waliochagua ipi.

Mafundi wa vifaa vya dharura vya ndege