Greda likibomoa ukuta, mwananchi aende wapi?

Mhariri,

Huku milimani Mwanza barabara za mitaa zinachongwa katikati ya mawe, na greda likishaanza kazi halichagui. Juzi lilisukuma jiwe likaangukia ukuta wa jirani yangu; choo na bomba la maji vyote vikaenda. Mama wa watu alipokwenda halmashauri kulalamika akaambiwa, "Andika barua, usubiri." Basi.

Hakuna aliyemweleza kwamba, tangu sheria ibadilishwe mwaka 2020, anayetaka kuishtaki halmashauri huipa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Mwanasheria Mkuu asipounganishwa kama mdaiwa, kesi inakwama. Tena inafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa ukuta wa tofali za kuchoma, jamani!

Halmashauri ziweke fomu ya madai kwenye ofisi za mtaa, na mhandisi afike kabla kifusi hakijazolewa. Nanyi wenye nyumba, pigeni picha siku hiyohiyo, tunzeni risiti za saruji, na msiondoke na nakala ya barua isiyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Mkazi wa Mwanza